Pima Mlango Kabla ya Kufunga Mzigo

Nawasalimu mlio Masisi na mlio Walikale, mlio Sake na Goma, na nyinyi vijana wa machimboni Omate mnaotusikiliza huku mkingoja mvua ikatike. Leo nina habari ya safari. Sisemi safari ya kukimbia na godoro kichwani. Ile tunaijua, hakuna wa kutufundisha. Nasema safari ya hiari: mtu anaweka akiba yake, anachagua mwezi, anakwenda kutazama mji wa kale kwa kuwa moyo wake umeutaka. Na mtu huyo ninayemsema anatembelea kiti cha magurudumu.

Najua wapo wanaoguna sasa hivi. Watu wanatafuta unga, barabara hazipitiki, na mtangazaji anatupeleka utalii! Nawaelewa. Lakini tazameni mlio nao hapo nyumbani. Huyu polio ilimpata utotoni, yule alipigwa risasi akiwa njiani kutoka sokoni, mwingine alifukiwa shimoni, mwingine alianguka na motari. Tumewazoea wakiwa wamekaa barazani, mpaka tunadhani kukaa ndiyo tabia yao. Aliyekatwa mguu hakukatwa hamu. Anasikia habari za dunia kama wewe, na anatamani kuiona kama wewe.

Tena si hisani, ni haki iliyoandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na nchi yetu ya Kongo ikajiunga nao mwaka 2015. Kifungu chake cha 30 hakizungumzii dawa wala chakula. Kinazungumzia michezo, makumbusho, utalii, na kufika kwenye majengo yenye thamani ya utamaduni wa taifa, «kadiri inavyowezekana». Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wa nyuma ambamo wakubwa wengi wanatorokea, na nitayarudia. Kisha tarehe 3 Mei 2022 nchi ikapata sheria yake yenyewe ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo anayetaka kusafiri haombi huruma ya mtu.

Na msiniambie Mkongomani wa kiti hawezi kufika mbali. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili walianza kupiga gitaa wakiwa juu ya baiskeli zao za miguu mitatu katika barabara za Kinshasa. Mwaka 2009 wakatoa albamu, mwaka uliofuata filamu yao ikaonyeshwa Cannes, nao wakazunguka Ulaya jukwaa kwa jukwaa. Hata hapa kwetu, aliyewahi kuvuka mpaka wa Goma na Gisenyi amewaona wafanyabiashara wenye ulemavu wakipita na baiskeli zilizojaa mizigo, wakimjua kila askari na kila shimo. Mabingwa wa safari tunao tayari. Ukitaka kupanga, anza kwao.

Mji ninaotaka tuuchukue kuwa mfano ni Mji Mkongwe wa Unguja, Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Sikuuchagua kwa ajili ya fukwe. Niliuchagua kwa sababu historia yetu imehifadhiwa kule. Misafara iliyoleta Kiswahili hiki katika bara ilianzia pwani, ikapitia Tabora na Ujiji, ikafika Nyangwe na Kasongo, ikasonga mbele mpaka Kisangani. Ilileta lugha na nguo, ikarudi na pembe na watu waliofungwa. Tippu Tip, aliyetawala nchi ya Manyema kwa bunduki na biashara, na ambaye mwaka 1887 Mfalme Leopold alimpa ugavana wa Stanley Falls, alifia Unguja mwaka 1905. Nyumba yake ingali imesimama mtaa wa Shangani. Mtu wa Walikale akisimama mbele ya mlango ule hatazami historia ya watu wengine. Na aliyekaa kwenye kiti ana haki ileile ya kuutazama.

Basi tupange. Mambo ya kupanga ni mengi, lakini yote nayafunga kwa fundisho moja: usikubali ahadi, omba kipimo. Watu wetu ni wakarimu, na wa pwani ni wakarimu zaidi. Ukarimu una kawaida ya kujibu kabla haujapima.

Tuanze na chombo chenyewe. Wengi wetu huku hatutumii kiti, tunatumia baiskeli ya miguu mitatu inayozungushwa kwa mikono. Kwa barabara ya Goma ni chombo bora kabisa. Kwa Mji Mkongwe haifai: ni ndefu, haikunjiki, haiingii chumbani, na ikiingia kichochoroni haigeuki. Kwa hiyo baiskeli ibaki nyumbani, na msafiri azoee kiti cha kukunja siku nyingi kabla ya kuondoka. Ajifunze kukiendesha kwenye kokoto na matope, ajue kinapinduka wapi. Tazama magurudumu madogo ya mbele. Yakiwa membamba kama ya kiti cha hospitali, yatanasa katika kila ufa wa sakafu na kumrusha mtu mbele. Mapana ya mpira ni salama zaidi. Kama matairi makubwa ni ya upepo, chukua pampu na viraka. Kama kiti kina ulegevu, kipelekwe kwa mafundi wa Shirika la Umoja kule Goma, au Heri Kwetu kama uko upande wa Bukavu, kikazwe kabla ya safari badala ya kukatikia njiani.

Kisha chukua tepu ya fundi cherehani ukipime. Usipime kikiwa kitupu. Mkalishe mwenyewe, aweke mikono kwenye magurudumu kama anavyoyasukuma, halafu pima kutoka kiwiko mpaka kiwiko. Kiti ambacho dukani kiliandikwa sentimita 64 kinakuwa 75 mikono ikiwa kazini. Pima urefu mpaka ncha za vidole vya miguu. Pima kimo cha kichwa chake. Pima uzito wa mtu na uzito wa kiti. Namba hizo ziandike kwenye karatasi, ziwe mfukoni mwa msafiri. Mfuko wa mwenye kumsindikiza sio mahali pake.

Nasema hivyo kwa sababu. Mpakani askari atamtazama aliyesimama nyuma ya kiti na kumwuliza: «Huyu anaitwa nani? Anakwenda wapi?» Msindikizaji akijibu, safari imeshaharibika siku ya kwanza. Nyamaza, mwache msafiri atoe paspoti yake mwenyewe, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo mtu atokaye Kongo haachi kuulizwa Tanzania. Sauti yake isikike mapema. Itahitajika baadaye kwenye ngazi.

Kutoka kwetu mpaka Goma sina la kuwaambia zaidi ya mnalolijua: njia inaulizwa asubuhi ya siku ileile, na anayejibu ni dereva aliyeshuka jana. Tukishavuka Gisenyi mambo yanakuwa mepesi. Basi la kwenda Kigali linachukua kama masaa matatu au manne kwa lami nzuri. Kiti kinakunjwa na kuingia kwenye buti la basi, lakini ng'oa kwanza sehemu za kukanyagia miguu na mto wa kukalia, ukae navyo ndani. Hivyo ndivyo vinavyopotea, na bila mto ule mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza kupata kidonda cha makalio bila kuhisi chochote, kikamlaza miezi. Kila nusu saa ajinyanyue kwa mikono kidogo, damu ipite. Kutoka Kigali unaweza kupanda ndege mpaka Dar es Salaam, au basi kupitia Rusumo ambalo litakuchukua zaidi ya siku nzima. Basi ni rahisi kwa mfuko, ni ghali kwa mwili. Ukichagua ndege, iambie kampuni angalau saa 48 kabla kwamba una kiti, na uombe kile kiti chembamba cha kupitia katikati ya safu za ndani.

Kuna jambo moja watu hawalisemi hewani, mimi nitalisema: choo. Wasafiri wengi wenye ulemavu huacha kunywa maji tangu siku iliyotangulia, ili wasimsumbue mtu. Kwa joto la Dar es Salaam hiyo ni hatari. Mwambie dereva mapema, hata kabla ya kulipa nauli, kwamba kituo fulani basi litasimama dakika 20. Akikataa, tafuta basi jingine wakati pesa bado ziko mkononi mwako.

Sasa bahari. Sisi wa Ziwa Kivu tunajua mawimbi na upepo, ila hatujui maji kujaa na maji kupwa. Unguja maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, tofauti hufika kama mita 4. Boti ya kutoka Dar es Salaam inavuka kwa takriban masaa mawili, na daraja la kushukia linaunganisha boti inayoelea na gati lisilotembea. Maji yakijaa, daraja hulala karibu sawa na nchi. Maji yakipwa, linakuwa mlima, na kiti chenye mtu wa kilo 70 juu ya mlima wenye chumvi na utelezi ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo mwenye kupanga safari hii atazame mwezi kama wavuvi wanavyoutazama. Achague siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Na akifika bandarini asiulize tu boti inaondoka saa ngapi. Aulize maji yanajaa saa ngapi.

Twende kwenye malazi, maana hapo ndipo safari nyingi zinavunjika. Tuseme unapiga simu kwenye nyumba ya wageni ndani ya Mji Mkongwe. Mazungumzo yatakuwa hivi:

«Kaka, ninaye mgeni anayetumia kiti cha magurudumu. Kwenu anaweza kukaa?»

«Hamna tabu, ndugu yangu! Karibuni sana.»

«Ahsante. Mlangoni kuna ngazi?»

«Chache tu. Vijana wapo, watamnyanyua.»

«Chache ni mbili au ni sita?»

«Aa… ngoja. Ni nne. Na kizingiti.»

«Chumba cha chini kipo?»

«Kipo kimoja.»

«Nakuomba kaka, chukua tepu, unipimie mlango wa choo cha chumba hicho. Upana wa uwazi wenyewe, ubao uache.»

Hapo simu itanyamaza kidogo. Kisha utasikia: «Sentimita 58.»

Kiti chako ni 64. Basi umemaliza, na umemaliza kwa dakika tano za simu badala ya saa nne za usiku ukiwa na mizigo mlangoni. Kaka yule hakukudanganya. Moyo alikuwa nao, kipimo ndicho hakuwa nacho, na kabla yako huenda hakuna aliyemwomba. Mshukuru, upige nyumba inayofuata. Ukipata yenye mlango wa sentimita 80 hivi, omba akutumie picha ya ngazi, na kando ya ngazi asimamishe chupa ya maji ya lita moja na nusu. Chupa hiyo unayo nyumbani; utaona kimo cha kila ngazi bila kubishana.

Na usidhani mbao ya kupandishia kiti itatatua kila kitu. Kipimo cha mafundi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mbao ya mita moja na sentimita 80. Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe havina upana huo kati ya ukuta na ukuta, tena upande mmoja umeliwa na baraza ya mawe. Mbao yako itagonga mlango wa jirani. Ndiyo maana ni afadhali kulala pembeni, upande wa barabara ya gari, mitaa ya Malindi au Shangani, kisha kuingia ndani ya mji mchana, kuliko kulala katikati kwa kupenda mandhari.

Mkishafika, toka mapema. Asubuhi jua halijapanda, pikipiki hazijaanza kujipenyeza, na wenye maduka hawajatandaza bidhaa mpaka katikati ya njia. Epuka miezi ya masika, Machi mpaka Mei, maana mvua ikinyesha maji hukusanyika vichochoroni na huoni shimo liko wapi. Jioni nendeni Forodhani. Bustani ile ya ufukweni ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, ina njia pana zilizosakafiwa, na watu wote wa mji hushuka pale kula na kupunga upepo. Pale kiti hakishangazi mtu. Kila mmoja ameshughulika na pweza wake.

Kutoka Forodhani, Ngome Kongwe iko kando, na Beit al-Ajaib iko hapohapo mbele. Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, na tangu hapo limekuwa jengo la mafundi. Litazameni kwa nje, na mkilitazama mkumbuke jambo hili: hutajwa kuwa ndilo jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti. Fikirini. Kila tunapodai mteremko au mlango mpana, tunajibiwa kwamba majengo ya kale hayaguswi, na kwamba mkataba umesema «kadiri inavyowezekana». Lakini jumba la Sultani, lenye milango ya nakshi na nguzo za chuma, lilipata mashine ya kumpandisha mtu ghorofani bila ngazi, na hakuna aliyesema linapoteza heshima yake. Kwa mkubwa iliwezekana. Neno hilo linategemea sana ni nani anayetaka kupanda.

Nyumba ya Tippu Tip haina shida, kwa sababu kinachotazamwa ni mlango wake, na mlango uko njiani. Panapohitaji maamuzi ni Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Wamishonari wa Kianglikana chini ya Askofu Edward Steere wakajenga kanisa kuu juu ya uwanja uleule. Leo mgeni anaonyeshwa vitu viwili. Cha kwanza ni vyumba vya chini ya ardhi ambavyo huelezwa kuwa watu walifungiwa humo. Unashuka kwa ngazi nyembamba, na dari iko chini kiasi kwamba mtu mzima huinama. Cha pili kiko nje, uwanjani: sanamu ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, watu watano wamesimama ndani ya shimo la mstatili, shingoni wana minyororo ya kweli. Sanamu hiyo haina ngazi ya kushukia. Kila mtu, mwenye miguu na asiye nayo, anasimama ukingoni na kutazama chini. Aliye kwenye kiti hana alichopungukiwa hapo hata kidogo. Pengine anaona zaidi, maana macho yake yako karibu na nyuso zile kuliko yangu.

Na vile vyumba? Hapo tunafika kwenye suala la kubebwa. Sisi watu wa milima tunajua kubeba. Mgonjwa wa kijijini anafika hospitali kwa kipoyi, mabegani mwa vijana wanaopokezana mto kwa mto. Hatuoni aibu ya kubeba, wala ya kubebwa. Lakini kipoyi kina utaratibu: nani mbele, nani nyuma, wapi pa kupumzika. Mgeni wa Mji Mkongwe anakutana na ukarimu usio na utaratibu. Vijana wanne wanajitokeza, kila mmoja anashika anapopaona, mmoja anang'oka na sehemu ya kuegemea mkono, na mtu anatupwa kwenye mawe.

Basi wekeni utaratibu kabla ya ngazi ya kwanza. Msafiri mwenyewe aonyeshe kwa kidole chuma cha kushika, kile cha fremu kisichong'oka. Mwenye nguvu zaidi akae nyuma, ashike vipini, kiti kiinamishwe kinyumenyume. Kwa kushuka, msafiri atazame mbele. Kwa kupanda, kiti kipande kwa mgongo. Na anayehesabu moja, mbili, tatu ni yeye aliyekaa. Akisema simameni, mnasimama hata kama mguu mmoja uko hewani. Malipo ya vijana yasemwe waziwazi mwanzoni. Na kabla ya hayo yote aulizwe swali moja: unataka kushuka? Anaweza kusema hataki. Anaweza kusema hataki kuteremshwa na mikono ya watu ndani ya chumba ambamo watu waliteremshwa kwa nguvu. Hilo ni neno lake, msimbembeleze, wala msishuke nyote na kumwacha juu akilinda mikoba yenu.

Mtaniuliza kama hakuna miji mingine. Ipo. Ujiji, pale Kigoma, Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, hakuna haja ya kuvuka bahari. Bagamoyo ni tambarare na hupandi boti, ila mchanga wake unameza magurudumu membamba. Lamu ni nzuri mno, lakini ni mji wa punda na wa kushuka mashuani kwa ngazi za gati. Kila mji una adui wake, hapa ngazi, pale mchanga, kwingine maji. Tepu na simu vinafaa kote.

Na kama huna nauli ya kufika hata Gisenyi? Hapo ndipo nilipotaka tufike tangu mwanzo. Maswali tuliyomwuliza kaka wa Unguja, nani kati yetu amewahi kuyauliza hapa? Zahanati yako ina ngazi ngapi? Mlango wa chumba cha kujifungulia una sentimita ngapi, mama mwenye kiti akija na uchungu usiku? Chumba cha kupigia kura je? Kanisani, anayetaka kusoma neno mbele ya watu anapandaje pale mbele? Shuleni, choo kiko umbali gani, na njia yake ikinyeshewa inakuwaje? Tunajua kujibu «hakuna shida» haraka kama watu wa pwani. Wala majengo yetu si ya kale. Mengi yamejengwa juzi kwa simenti na mabati, na fundi wake yuko hai, unaweza kumpigia simu. Udhuru wa mawe ya Sultani sisi hatuna.

Basi nawapa kazi ya wiki hii. Mkae wawili, mmoja mwenye kiti au baiskeli ya miguu mitatu, mwingine mwenye tepu. Nendeni mahali pamoja mnapopatumia: zahanati, shule, kanisa, msikiti, ofisi ya chifu. Andikeni mambo manne tu: idadi ya ngazi, kimo cha ngazi ya kwanza, upana wa mlango mkuu, upana wa mlango wa choo. Msiandike «pagumu» wala «pazuri». Andikeni namba. Tumeni kwa meseji, nami juma lijalo saa hii hii nitazisoma hewani moja moja, jina la mahali kwanza, sentimita baadaye, ili wenye mahali hapo wazisikie pamoja na majirani zao.

Kwa leo ni hayo. Tepu zenyewe ziko kwa fundi cherehani, mwombeni kwa adabu, na mkumbuke kuzirudisha.